Kuku Bila Mgeni

Binti yangu alinitumia picha ya bakuli kwenye simu. Salamu hakutuma, alituma bakuli. Ndani mlikuwa na vipande vya kuku vyeupe pee vimepangwa upande mmoja, karoti upande wa pili, kitu fulani cha kijani kinachofanana na mti mdogo, yai lililopasuliwa katikati, na maharage machache pembeni. Chini ameandika: "Mama, hiki ndicho utakuwa unakula. Protini nyingi, mafuta kidogo." Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili kama alivyonifundisha mwenyewe, nikatafuta ugali uko wapi. Haukuwepo.

Nikampigia.

"Hii mboga nimeiona. Chakula chenyewe kiko wapi?"

"Ndicho hicho, mama."

"Mimi sungura?"

Akacheka, ila cheko lenyewe lilikuwa fupi. Kisha akabadilisha sauti, ile sauti anayotumia na watu wa ofisini kwake huko Dar. Akaniambia ameshaomba likizo. Kliniki ijayo nikipimwa uzito na kilo zikawa hazijapanda, anakuja Singida kunichukua. Nyumba tunafunga, kuku tunauza, nakwenda kukaa kwake. Zikipanda, basi, nibaki kwangu na hatanisumbua tena.

"Umenielewa mama?"

Nikamwambia nimeelewa. Mtoto wa kumzaa mwenyewe, nimemvua nepi, leo ananipa masharti!

Ukweli ni kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Nilikuwa nimetoka hospitali. Kichomi kilinilaza wodini, na niliporudi nyumbani magauni yangu yalining'inia mwilini kama yameanikwa kwenye kamba. Yule muuguzi wa kliniki alinipandisha kwenye mizani, akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akaniambia nile nyama, mayai, maharage na mboga za majani, uji peke yake haujengi mtu. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni siku hiyo. Alikuja nilipolazwa, akalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, akaninywesha maji kwa kijiko. Halafu ruhusa yake ikaisha akarudi kazini.

Lakini Dar sitaki. Nilikwenda mara moja alipohamia nyumba yake mpya. Anatoka kabla hakujapambazuka, anarudi giza limeingia, amechoka hata kuongea hawezi, na mimi mchana kutwa nimefungiwa geti natazama kuku wa watu wakipikwa kwenye televisheni. Hapa kwangu Mwankoko angalau upepo unanijua. Nyumba hii tuliijenga mimi na marehemu mume wangu, tofali tulifyatua wenyewe, na yeye amelala hapo nyuma ya banda la kuku. Nimwache na nani?

Kwa hiyo nikaamua nitakula bakuli lao. Nitakula mpaka mizani ilie.

Sasa niseme jambo moja ambalo watu hawalijui. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpishi wa shule ya bweni. Mpaka leo mtaani naitwa Mpishi, na watoto niliowapikia wana watoto wao. Nimesonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, nimepika maharage kwenye mapipa. Kupikia bweni zima si kazi, ni mazoea. Kazi ni kumpikia mtu mmoja. Anayebisha ajaribu. Mkono unamimina unga uliouzoea, unasonga, unapakua, halafu unakaa mezani na mlima wa ugali na hakuna anayekuja kuomba ukoko. Baada ya mume wangu kuondoka nilijaribu kwa muda. Kilichobaki nikawapa kuku. Kisha nikapunguza, kisha nikaacha, nikawa mtu wa uji asubuhi na uji jioni. Watu walidhani ni uzee, wengine wakasema nimepoteza hamu ya kula. Nilikuwa mpweke, basi, na mpweke hana habari na sufuria.

Kuku ninao. Singida bila kuku ni Singida gani? Wanashinda wanapekua mashudu ya alizeti uani, wanene kuliko mimi. Tatizo si kuku. Tatizo ni kwamba kwetu kuku ni wa mgeni. Ni wa mkwe, ni wa Krismasi, ni wa mzazi aliyetoka kujifungua. Mgonjwa naye huchinjiwa, hajichinjii. Ukimsikia kuku analia kwa jirani, unajua kuna mtu amefika, na unaweka ratiba ya kwenda kumsalimia. Mtu akikamata kuku wake, akapika, akala peke yake mlango umerudishwa, hiyo habari itafika Manyoni kabla hajanawa mikono.

Na kisu sishiki. Sisi ni Wakristo, ila tangu tuhamie hapa kuku wetu wote amewachinja jirani yetu, mzee wa Kiislamu, kwa sababu hujui nani atapita mlangoni wakati wa kula, na kuku wa mkono wake analiwa na kila mtu. Mkewe amenizidi umri kidogo, namwita dada, kwa hiyo mzee ni shemeji yangu. Mume wangu ndiye aliyekuwa anampelekea. Safari hii nikamfunga tetea mmoja miguu, nikamtia kwapani, nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta ameketi anatia mpini kwenye jembe.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Mpishi." Akamwona kuku kabla hajaniona vizuri. Uso ukamchangamka. "Ehee! Mgeni nani?"

Ningeweza kusema ni mimi. Ningeweza kusema daktari ameagiza, mbona jambo dogo. Lakini nilipomtazama yule mzee anavyosubiri jibu, nikaona aibu, mdomo ukanitangulia.

"Binti yangu anakuja."

"Alhamdulillahi!" Akasimama, akapaza sauti kuelekea ndani. "Mama! Mama we! Binti wa Mpishi anakuja leo!"

Nikatamani ardhi ipasuke. Mzee akamwelekeza kuku kibla, akataja jina la Mungu, akamaliza kazi yake kwa mkono mwepesi. Nikampa shukrani, nikarudi kwangu mbiombio, kuku ananing'inia.

Nikamtia maji ya moto, nikakaa nyuma ya jiko nimnyonyoe kwa siri. Siri gani? Upepo wa hapa hauna adabu. Uliyabeba yale manyoya ukayapeleka uani kwa jirani, barabarani, mpaka kwenye miti ya miiba kule ng'ambo. Kama nilikuwa nahitaji mtangazaji, nilimpata.

Binti alinitumia na video. Humo kuna dada mmoja mwenye kucha ndefu, anakata kidari vipande, anakirusha kwenye kikaango, anageuza mara mbili tatu, tayari. Nikafanya vile vile. Mimi mpishi mzima, nikamsikiliza mtu wa kucha! Kuku wa yule dada ni wa banda, hajawahi kukimbia maishani mwake. Huyu wangu amekimbizana na mwewe. Nilipokitafuna kile kipande nikadhani nimekosea nimekaanga kandambili. Nikasema haya, tumechezeana vya kutosha. Nikarudisha vyote kwenye sufuria, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi, nikafunika, nikachochea mkaa, nikamwacha achemke kwa nafasi yake kama kuku wa Singida anavyotaka.

Ule mti mdogo wa kijani sikuujua na sokoni sijawahi kuuona. Nikachuma mchicha na majani ya kunde hapo nyuma, nikakata karoti na hoho, nikapasha maharage, nikachemsha yai. Mafuta binti alisema kijiko kimoja. Nilishika chupa ya alizeti nikiwa na nia njema kabisa, nikamimina, na nilipotazama, mkono wa bwenini ulikuwa umeshafanya yake. Mboga nazo hivyo hivyo. Zilijaa sufuria kubwa, zikavimba juu. Kwa muda mrefu jikoni kwangu hapakunuka hivyo. Harufu ya mafuta ya alizeti na kitunguu saumu ikanijaa puani nikawa nameza mate na machozi pamoja.

Nikalitoa bakuli la maua lililokuwa la mume wangu. Kuku huku, karoti kule, majani hapa, yai nimelipasua. Nikapiga picha. Hapo ndipo nilipogundua kuwa nimeshika kisahani mkono wa kushoto na ndani yake kuna firigisi. Sikukumbuka kuiweka. Miaka yote ya ndoa yangu, kitu cha kwanza nikipakua ni firigisi ya mume wangu, kwenye kisahani chake peke yake, mezani mbele yake. Mkono ulikuwa umefanya hivyo bila kuniuliza. Nikasimama katikati ya chumba na kile kisahani, sijui nakipeleka wapi. Mwishowe nikakiweka mezani, pale pale alipokuwa anakaa.

Simu ikalia. Binti amejibu. Dole gumba, halafu: "Safi sana mama! Umeona unavyoweza?"

Sijakaa, nikasikia hodi.

Alikuwa dada jirani. Amevaa kitenge kizuri na amebeba kindoo cha maziwa mgando kimefunikwa kwa kitambaa.

"Nimemletea binti maziwa. Amefika?"

"Bado, dada. Karibu."

Akaingia, akaketi kwenye kigoda, akaweka kindoo miguuni. Nikalifunika bakuli. Tukaongea habari za shamba, habari za ndege wanavyomaliza mtama, habari za goti lake. Jua likahama kutoka mlangoni likaingia mpaka chini ya meza. Kila pikipiki ilipopita barabarani nilijifanya nasikiliza, na kitu cha ajabu, kuna wakati nilikuwa nasikiliza kweli. Niliomba isimame.

"Mdogo wangu," akasema mwishoni, "chakula kinapoa."

"Tumsubiri kidogo."

"Uwanja hujafagia."

Nikamtazama.

"Nilipopita asubuhi kuteka maji," akasema, "majani ya mwarobaini yalikuwa yamejaa hapa mlangoni kwako. Nimepita sasa hivi bado yapo. Mzee aliponiita kuniambia binti anakuja, nikamwambia Mpishi huyu hana mgeni. Akasema nisije, nitakuaibisha. Nikasema nitakwenda, na maziwa nitabeba."

Ni kweli. Kwetu fagio hutangulia kuku. Mtu akiwa anatarajia mgeni anafagia uwanja asubuhi na mapema, mpaka njiani, mistari inaonekana, ili mgeni akanyage pasafi. Nilikumbuka kumdanganya mzee wa watu, nikasahau kufagia. Hata kudanganya kwenyewe sikujua.

Nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto, nikamwambia yote. Kliniki, kilo, likizo, Dar, bakuli lisilo na ugali.

"Sasa daktari kasema ule. Si ule?"

"Nile kuku peke yangu, dada? Kama mchawi?"

Akacheka mpaka akashika goti. Akasimama mwenyewe, akafunua bakuli, akatafuta kijiko cha pili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mgeni ndiye mimi. Kula, ala!"

Tukala kutoka bakuli moja. Akasema kuku mzuri, mafuta mengi. Kisha akaiona ile firigisi kwenye kisahani upande wa pili wa meza, akaelewa, akaisogeza mbele yangu. Sikuwahi kuionja maishani. Kwa baba ilikuwa ya baba, kwa mume ikawa ya mume. Nikaitia mdomoni nikatafuna. Kumbe ngumu namna hii, na miaka yote naionea wivu!

Kama habari ingeishia hapo ningesema mambo yangu yalinyooka. Lakini dada hakuwa na nafasi ya kuwa mgeni wangu kila siku. Mazao yalikuwa yameiva, na wao wana shamba kwao dada, huko Misigiri. Wiki iliyofuata walifunga mlango, yeye na mzee, wakaenda kuvuna. Kabla ya kuondoka mzee alinichinjia tena, safari hii hakuuliza mgeni nani. Sijui kama ni heshima au huruma. Ningependa angeuliza.

Hapo upweke ukanikalia vizuri. Nilikuwa napika bakuli langu mchana, napanga kuku huku na mboga kule, napiga picha, nakula. Kuku akiisha nakula mayai, kunde na choroko. Nikiwa na nguvu natembea hadi sokoni naleta nyama iliyokwisha kuchinjwa. Nikajifunza kijiko kimoja cha mafuta. Nikajifunza karoti moja, hoho nusu, konzi moja ya mchicha. Niliona fahari kidogo siku ya kwanza sufuria ilipobaki tupu bila kitu cha kuwamwagia kuku. Halafu nikaona huzuni, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshajua sasa kuwa niko peke yangu.

Na binti? Nilipokuwa mgonjwa alikuwa anapiga asubuhi na jioni. Mama umekunywa dawa, mama umelala, mama niambie ukweli. Nilipoanza kutuma picha, akawa ananijibu kwa maneno. Maneno yakapungua. Yakabaki madole gumba. Natuma bakuli, linarudi dole. Siku nyingine nilimpigia baada ya kutuma, akapokea haraka haraka, "Mama nimeona, limependeza, niko kwenye kikao." Simlaumu. Mtu huwaza kinachomtisha, na mimi nilikuwa nimeacha kumtisha.

Siku moja kabla ya kliniki nilikaa mbele ya bakuli nikashindwa kuinua kijiko. Gauni lilikuwa limeanza kunibana mabegani, hata bila mizani nilijua. Nikawaza, na nitalisema kama lilivyo: nikiacha kula leo, nikanywa uji, nikaenda kesho bila chai, labda mizani itasema chini. Atakuja. Atalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Habari za kunichukua tutabishana akishafika, nitang'ang'ania mlango, lakini atakuwa amefika. Mwanamke mzima, mvi kichwani, nawaza hivyo! Dar nilikuwa sitaki, hilo halikubadilika. Nilichokuwa nataka ni aje kunichukua, na mimi nikatae, naye akae siku chache akinishawishi.

Nikala. Aliyewapikia watoto wa watu miaka yote ile hawezi kumwaga chakula kizuri, Mungu anamwona.

Asubuhi ya kliniki niliamka mapema nikafagia uwanja. Niliambia nafsi yangu ni kwa sababu majani yamezidi. Nikafagia mlangoni, nikazunguka banda, nikapita kwenye kaburi, nikatoka na fagio mpaka barabarani, nikarudi kwa kufuata ukingo ili nisiharibu mistari. Nikaoga, nikaenda.

Muuguzi alikuwa yule yule. "Vua viatu, mama." Nikapanda. Akasoma, akanitazama, akasoma tena, safari hii akacheka. "Unakula nini wewe? Tufundishe na sisi!" Wagonjwa kwenye benchi wakanipigia makofi. Nikacheka nao, maana ingekuwa fedheha kufanya vinginevyo.

Nikampigia binti nikiwa bado getini.

"Zimepanda?"

"Zimepanda."

Akapiga kigelegele, huko huko ofisini, nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. "Mama yangu amepona!" akawaambia. Kisha akarudi kwangu. "Basi mama umeshinda. Baki kwako na kuku wako, mimi sisemi tena. Na ile likizo niliyokuwa nimeipanga nitaisogeza, afadhali hata, maana hapa kazini pamebana kweli. Tutaona Krismasi. Umefurahi lakini?"

"Nimefurahi, mwanangu."

"Endelea hivyo hivyo na bakuli lako, sawa? Uwe unanitumia picha."

"Sawa."

Nilirudi kwa miguu, polepole. Siku hiyo upepo ulikuwa umetulia. Mistari ya fagio ilikuwepo vile vile nilivyoiacha, kutoka barabarani hadi mlangoni, hakuna aliyeikanyaga hata kuku. Nikasimama pembeni nikashindwa kuipita.

Nikasikia mlango kwa jirani. Walikuwa wamerudi kutoka Misigiri, magunia bado yako nje. Dada alikuja hadi kwenye ua, mkono mmoja kiunoni, akautazama uwanja wangu wote, akatabasamu.

"We Mpishi! Leo umefagia mpaka barabarani. Binti anafika saa ngapi?"

"Haji, dada," nikamwambia. "Nimepona."